Mzee Sifuri na Wingu la Atomi

Mkanda wa Profesa ulikuwa wa tatu kuvuliwa. Zilitangulia funguo, ikafuata saa, na sasa bingwa wa baridi wa chuo kizima alikuwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, akikodolea macho skrini iliyobaki nyeusi ti.

Ndani ya chupa ya kioo yeye na mwanafunzi wake waliweka wingu la atomi zilizopozwa hadi zikasahau kukimbia. Humo walipenyeza atomi moja ya kigeni, wakapima jinsi wenyeji wanavyoizonga: kila ikisogea inawakokota, ikawa nzito kuliko ilivyozaliwa. Profesa, au Mzee Sifuri kama wanafunzi walivyomwita kisogoni kwa kupenda kwake baridi ya sifuri, aliiwinda picha ya uzito huo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kesho alikuwa anastaafu.

Tabu ni kwamba akiingia yeye, wingu linatoweka. Akitoka, linarudi. Ndiyo maana alikuwa akijivua kila chenye chuma.

Mwanafunzi wake, binti aliyesomea uzamivu chini yake, alijua kwa nini. Mzee aliwahi kuanguka na pikipiki akawekewa chuma nyongani, na chuma hicho kilivuruga sumaku zilizoshikilia wingu. Lakini utamwambiaje mtu kwamba chumba alichokijenga hakimtaki? Binti alimwogopa, na zaidi ya kumwogopa alimpenda. Hata hivyo mficha uchi hazai, ingawa hapa aliyekaribia kuuonyesha alikuwa mwingine.

"Nivue na viatu?" aliuliza Profesa.

"Hapana, Profesa. Ni chuma cha nyonga. Naomba utoke nje."

Profesa alifunga mkanda, akakosa tundu mara mbili.

"Umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ukaniacha nivue suruali."

"Hatukuwa tumefika huko, Profesa."

Akatoka. Binti akabaki na moyo mzito, akawasha leza.

Ukumbini, katibu muhtasi alimwona Mzee amesimama kama mtoto aliyefukuzwa darasani, akaja kumpa pole. Mfagizi akaleta kiti. Fundi umeme akaja na maswali, wahadhiri wawili wakaja na majibu. Picha ilipotokea, binti aliigeuza skrini ielekee kioo cha mlango. Profesa akasogea, na msafara wote ukasogea naye, akabandika pua kiooni.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii, Profesa."

"Imekuwa nzito?"

"Nzito kweli."

Mzee aliitazama mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

"Rudia," alisema. "Isije ikawa bahati tu."

Binti alitupia jicho skrini. Picha ilikuwa imeanza kufifia.

"Basi rudi nyuma kidogo, Profesa."

Akarudi nyuma. Wote wakarudi naye.