Pua Iliyosimamisha Mechi

Tunu alikwenda kwenye kliniki moja ya binafsi mjini Ruangwa kutolewa nyama zilizoziba pua. Akarudi kwake Nambilanje akipumua vizuri tu, ila kila pumzi ilitoka na filimbi. Filimbi hasa, kali, ya kuita watu.

Shambani, katikati ya ufuta, haikumsumbua. Msibani ndiko alikoadhirika. Shehe alipoinua mikono kuomba dua, pua ikalia fiii! Watu wakageuka, na mzee mmoja akamfokea mjukuu wake asiye na kosa. Tunu akajifunika khanga hadi machoni, akaondoka bila kula.

Alirudi kwa Daktari Masoudi, aliyempasua.

"Mama, huo mlio uko kichwani mwako," daktari alimwambia, akipaza sauti ili filimbi isimzidi. "Mimi sisikii kitu."

Tunu akashtaki. Kamati ya malalamiko ikaketi katika ukumbi uliopakana na uwanja wa mpira, ambako siku hiyo Nambilanje walikuwa wakicheza na Likunja.

"Ukuta wa ndani ya pua hautoboki kirahisi," Masoudi alieleza. "Mama huyu anapiga mluzi kwa mdomo."

Mwenyekiti, Mama Rozalia, akamwambia Tunu afumbe mdomo. Tunu akafumba. Kwa hasira alizokuwa nazo, akavuta pumzi ndefu, akaishusha yote kwa mkupuo.

Fiiiiii!

Kelele za uwanjani zikakatika. Kisha zikarudi maradufu, safari hii za matusi. Mlango ukasukumwa, akaingia refa Selestini akivuja jasho.

"Nani kapuliza filimbi? Mshambuliaji wa Nambilanje kabaki na kipa tu, wote wamesimama!"

"Wewe umeisikia?" Mama Rozalia aliuliza.

"Uwanja mzima umeisikia!"

Masoudi akasema labda ni ndege.

"Ndege gani?" refa akauliza, akitaka kujua kweli.

Daktari akakiri kwa sauti ndogo kwamba kisu kilimteleza, akatoboa ukuta wa pua, akaona bora anyamaze. Tunu alitaka kulia, ila akaogopa kwikwi zake zingevuruga mechi tena.

Kamati ikaamua Masoudi amwombe radhi, na kliniki impeleke hospitali kubwa akazibwe tundu hilo na daktari mwingine. Radhi ya Tunu aliiomba palepale. Iliyomtoa jasho ni ya pili: Selestini alimshika daktari mkono, akamwongoza hadi katikati ya uwanja, awaeleze mwenyewe mashabiki wa Nambilanje bao lao limekwenda wapi.