Jina la Baba Mkwe

Gidahosh alipoanguka kutoka mtini akitundika mzinga, watu wa Gehandu walicheka kwanza. Ilikuwa haki yao. Mtu amekunywa pombe ya asali tangu asubuhi, kisha anapanda juu kuwajengea nyuki nyumba. Mnataka watu walie?

Mwenyewe aliinuka, akajipangusa, akawatukana wote bila kumsahau mtu, akaenda kujilaza kivulini. Baadaye mkewe, Kornelia, akasikia mkoromo. Sauti zote za mumewe alizijua, hata zile za aibu. Hii ilikuwa ngeni. Akamfinya sikio. Akammwagia maji. Wapi.

"Shemeji, tumpeleke hospitali," akamwambia kaka mkubwa wa mumewe. "Kichwa kimeumia."

"Pombe hiyo. Mwache alale."

Seifu mwenye duka alikuwa palepale na lori lake, limejaa ngozi. "Mama, nimpeleke mlevi kwa daktari Mzungu, hadi Mbulu? Atanitibu mimi kwanza, kwa mateke."

Kornelia akawaza. Kwao Wabarbaig mke hatamki jina la baba mkwe, hata mzee awe kaburini. Ubatizo ulimwosha Kornelia mengi, hilo halikutoka. Na Gidahosh, alewe vipi, hilo humwamsha: mwaka juzi, mwenyewe akiwa amelewa chakari, mke wa mdogo wake aliteleza akataja nusu tu ya jina, jamaa akainuka na fimbo.

Akainama sikioni. "Gidamis."

Shemeji akajishika kichwa. Seifu, ambaye mila ile haikumhusu, alirudi nyuma.

"Gidamis," akarudia kwa sauti kubwa. "Gidamis mwenye miguu ya korongo."

Mkoromo tu.

"Haya. Mlevi gani huyo, asiyeamshwa na hilo?"

Seifu alianza kutupa ngozi chini. Shemeji mwenyewe alibeba miguu.

Hospitali walimtoboa fuvu, wakaitoa damu iliyokuwa ikiubana ubongo. Daktari alisema angeachwa alale hadi jioni, asingeamka tena.

Gidahosh aliporudi, amenyolewa kipara kama kibuyu, kaka yake alikuwa ameshaita wazee: Kornelia atozwe mtamba kwa kumtukana marehemu.

"Ulisema nini, mwanamke?" akauliza mzee mmoja.

"Nirudie, babu? Kwa sauti ileile?"

Wazee wakakohoa.

"Kaka," akasema Gidahosh, "baba ni wangu pia, na mdomo wa huyu mama ulikuwa sikioni kwangu, si kwako. Mimi sikusikia kitu."