Nesi wa Mlangoni

Mama Idella Gaither alikuwa amechoka kuoka pai. Alimwambia hivyo binti yake kwa simu, kutoka Mississippi, Kusini mwa Marekani, mpaka Los Angeles, bila hata kumjulia hali.

"Velma, leo ni Jumatano ya tatu nawajaza wanakwaya wa kanisa sebuleni, nawapa pai ya viazi vitamu, tunatazama kipindi chako cha televisheni mwanzo mpaka mwisho. Wazungu wameumwa, Wazungu wametibiwa, Wazungu wamepona. Wewe uko wapi?"

"Nilikuwemo, Mama! Nimeongea kabisa."

"Eula Mims wa kwaya anauliza kama hospitali hiyo wamekupa ufagio."

"Sikusema hivyo, Dada Idella!" sauti ikadakia kutoka nyuma. "Nimesema mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho ninayo!"

"Umemsikia? Jumatano ijayo ndiyo mwisho. Sikuiti mwongo, mwanangu, lakini pai zangu zimechoka kukutetea."

Simu ikakatika. Velma akabaki ameishika. Kwa miaka alikuwa akifungua milango ya watu kwenye filamu, aproni kiunoni, akisema "Ndiyo, bibi" na kutoweka na sinia. Sasa, akiwa na miaka thelathini na minane, alikuwa amepata nafasi ambayo mwanamke Mweusi hakuwahi kupewa katika kipindi kile cha kila wiki: Nesi Ruth Baylor, mwenye jina na taaluma yake. Magazeti ya Weusi yalitoa picha yake. Mama Idella, aliyesugua sakafu za watu mpaka magoti yakaota sugu, aliomba kitu kimoja tu duniani: amwone binti yake ndani ya kile kisanduku akiwa amevaa kitu ambacho si aproni.

Kesho yake studioni walikuwa wanafanya mazoezi. Mwongozaji, Sid Korman, alikuwa mwanamume mwembamba aliyetafuna sigara isiyowashwa. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko Velma, lakini alimwita binti.

"Velma, binti, subiri watoke wote. Wakishatoka ndipo uingie, useme maneno yako, basi."

Velma akasimama na sinia lake la dawa. Maneno yale alikuwa ameyasikia kila wiki, na kila wiki aliyapokea kama mtu anavyopokea chenji bila kuitazama. Leo akaitazama.

"Bwana Korman, kwa nini naingia watu wakishaondoka? Nesi gani huyu asiyekutana na mgonjwa wala daktari?"

Korman akacheka. "Usijitie hamnazo, Velma. Kuna vituo vya televisheni vya Kusini havitaki kuonyesha Weusi. Ukiwa peke yako wanakata kipande chako, hadithi inaendelea kama kawaida. Hakuna anayeumia."

"Hakuna anayeumia," Velma akarudia.

"Sisi huku si tunakuona?"

Angeona haya hata kidogo, Velma angemsamehe. Mtu anayekuficha ubaya wake bado anakuhesabu kuwa mtu. Huyu aliusema waziwazi kama anayetaja hali ya hewa, kisha akageuka kutafuta kahawa yake. Velma alitamani kumpiga na lile sinia.

Siku ya kurekodi ikafika. Grant Halloran, nyota wa kipindi, ndiye aliyekuwa daktari. Mtoto amemfia mikononi. Anakaa kwenye kitanda kitupu, ameshika kiatu cha yule mtoto, analia, kisha anatoka kwenda kuwaambia wazazi. Hapo ndipo Nesi Ruth aingie, akunje shuka, aseme, "Mungu ampokee."

Tabu ilikuwa moja: Halloran hakuweza kulia. Walirudia na kurudia, macho ya bwana yule makavu kama kokoto. Wakamtia matone, matone yakamteremka mpaka puani akapiga chafya. Watu wakajikaza wasicheke. Korman akatukana, akasema warudie mara ya mwisho, maana muda umekwisha.

Nyuma ya mlango, Velma alimfikiria mama yake akikata pai. Akamfikiria Eula Mims na macho yake. Akasukuma mlango kabla Halloran hajainuka.

Akaweka sinia chini. Akamsogelea, akakitoa kile kiatu mkononi mwake.

"Daktari," akasema, "mama yake yuko pale nje. Usimwendee hivi. Kaa kwanza."

Halloran akainua uso, amepigwa na butwaa. Kisha, ajabu, macho yakamjaa.

"Nitamwambia nini, Ruth?"

"Ukweli. Twende wote."

Wakatoka pamoja, Velma mbele.

"Kata!" Korman alikuwa ameshafika kwenye seti. "Umerukwa na akili? Hiyo wa Kusini wataikata vipi? Naitupa!"

"Huitupi," Halloran akamwambia, akijifuta mashavu kwa fahari. "Uliyaona yale machozi, Sid? Ukiyatupa, mimi natafuta kazi kwingine."

Hakuwa anampigania Velma. Alikuwa anayapigania machozi yake. Velma hakujali. Alikwenda chooni, akajifungia, akakaa humo mpaka taa za seti zikazimwa.

Jumatano, Mississippi, ambako saa ziko mbele, hutangulia kuonyesha. Velma alikaa karibu na simu. Ilipolia akaidaka.

"Mama! Umeniona?"

"Daktari alikaa kitandani na kiatu, mlango ukaanza kufunguka. Mara kioo kikaandika: Samahani, hitilafu ya mitambo. Tumeyatazama maandishi hayo mpaka habari zikaanza."

Velma akaokota mto wa kochi, akautupa ukutani. "Washenzi! Wamezima kipindi kizima? Kwa ajili yangu?"

"Ndivyo alivyosema Eula. Kasema, 'Dada Idella, huyo mtoto wako kumbe yumo kweli. Mitambo yao ilikuwa mizima mpaka alipofika mlangoni.'"

"Lakini hujaniona, Mama! Nimefanya yote yale uone!"

"Punguza kelele. Huku hakuna aliyeondoka. Kikianza huko kwenu, nipigie. Iweke simu kwenye televisheni."

Saa ilipowadia Velma akapiga magoti mbele ya televisheni, mkono wa simu ameubana kwenye spika. Akajiona anaingia, anachukua kiatu. Hakufurahi. Mkono ulimuuma na hasira ilimuuma zaidi, kwamba watu wazima, waimbaji wa Bwana, wamesongamana kwenye simu moja kusikiliza kitu ambacho mtu mwingine anakitazama bure.

"Ukweli," ikasema sauti yake ndani ya kisanduku. "Twende wote."

Akarudisha simu sikioni. Upande wa pili watu walikuwa wakisema "Amina," na Eula akilalamika kwamba hajasikia vizuri, wamrudishie.

"Velma," mama yake akasema. Sauti ilikuwa ikikwaruza. "Ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni jeupe, Mama. Na kofia ya nesi."

"Gauni tu? Hakuna kitu kiunoni?"

"Hakuna kitu, Mama. Hakuna aproni."

Akamsikia Mama Idella akigeuka kutoka kwenye simu, akiwatangazia waliojaa sebuleni: "Jeupe! Anasema amevaa jeupe!"