Kiti cha Kukunjua

"Hili gari limekua, bwana," muuzaji alisema, akilipapasa boneti kama anayemsifu mtoto wake. "Lile lenu la nje ni toleo la kwanza, sanduku lenye magurudumu. La pili likaota mashavu, la tatu likapata mifuko ya hewa kila upande. Hili sasa lina kamera mpaka nyuma, na viti vinajilaza vyenyewe ukibonyeza kitufe."

"Na buti?"

"Lipo la viti saba, lipo la vitano. La vitano, buti lake unaweza kuhamia."

Baba wa familia akakunja vidole. "Mimi, mama watoto, watoto watatu. Tupe la vitano."

Shangazi, dada yake, alikuwa amesimama nyuma yake. Tangu ahamie kwa kaka yake, safari zote alikaa mwisho kabisa wa lile gari la zamani, kwenye kiti kidogo cha kukunjua kinachotazama ubavuni, mikoba ya sokoni mapajani. Hakuna aliyemwambia akae kule. Siku ya kwanza alikimbilia pale ili asisumbue mtu, basi pakawa pake. Aliwajua wote kwa visogo vyao. Kaka yake hakuwa na ubaya; alihesabu viti tu, na kile hakikuwa kiti.

"Na wifi yangu?" mke akamkata jicho mumewe. "Utamfunga kwenye keria?"

Watoto wakaangua kicheko. Kaka akamgeukia dada yake. "Jamani, nimepitiwa. Lakini dada mwenyewe si mtu wa makuu, au siyo, dada?"

"Haidhuru" ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Shangazi akairudisha. Akapiga moyo konde, akafungua mlango wa kati wa gari la maonyesho la viti saba, akapanda, akakaa dirishani.

"Shangazi! Hapo huwa nakaa mimi!" kifungua mimba akalalamika.

"Ulikuwa unakaa." Shangazi akaegemea kiti. "Nyuma kuna vitufe vingi, mwanangu. Nenda kavibonyeze."

Wifi yake akapiga makofi. Kaka akamfungia dada yake mlango.

"La viti saba," akamwambia muuzaji, kwa sauti ya chini. Kisha akapanda mbele, akashika usukani.

"Kaka," Shangazi akasema.

"Naam, dada."

"Sogeza kiti chako mbele kidogo. Miguu yangu haijapata nafasi."

Akasogeza.