Mwezi wa Kumkosea Bibi Adabu

Kwa mwezi mzima nyumba ya Bibi ndiyo iliyokuwa haina adabu kuliko nyumba zote mtaani, na aliyeiharibu alikuwa mjukuu wake mwenyewe, tena kwa cheti na mhuri wa chuo.

Mjukuu huyo mtaani walimwita Mnyooshaji. Jina lilimpata wiki yake ya kwanza kazini, pale dereva wa lori aliyeingia kituo cha afya na shingo iliyokakamaa alipotoka akiigeuza kulia na kushoto, akisalimia hata watu asiowajua ili mradi waone. Alikuwa amesomea tiba ya viungo miaka minne. Hospitali kubwa zilimtaka, lakini alirudi alikozaliwa, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, akamwomba mchomeleaji amtengenezee vyuma viwili vya kushikwa na wanaojifunza kutembea upya, akatundika kioo ukutani, akaanza. "Nimerudi kwa ajili ya watu wangu," aliwaambia waliomshangaa. Watu wake wakaja kwa wingi, wakitaka wakandwe mgongo huku wamesinzia. Alipowaambia kwamba kazi wataifanya wao wenyewe, nusu yao walikumbuka wameacha kitu jikoni.

Lakini mgonjwa wake mgumu kuliko wote hakuja kituoni. Alikuwa amekaa sebuleni kwao.

Bibi aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Mfupa ulishika vizuri. Daktari aliyempasua aliitazama picha akasema huyu mama anatakiwa awe anatembea. Mwezi wa tatu ukawa unakatika na Bibi hajapiga hata hatua kumi. Wala si uvivu, maana Bibi hakuwahi kuwa mvivu. Tatizo ni kwamba alikuwa hapewi nafasi.

Jumapili moja Mnyooshaji alikaa kwenye kona na daftari kutwa nzima, akahesabu. Bibi alikohoa, maji yakaja. Alipapasa meza, miwani ikaja. Alitazama dirishani, watu wawili wakalikimbilia pazia, mmoja kulifungua na mwingine kulifunga. Mara kumi na saba aliweka viganja kwenye mikono ya kiti ili ainuke, na mara kumi na saba Shangazi, binti yake mkubwa anayeishi naye, alifika kabla makalio hayajaachana na mto.

"Kaa, Mama, kaa! Unataka nini? Sema tu!"

Na Bibi, ambaye mara nyingi alitaka kunyoosha mgongo tu, ilimbidi abuni kitu cha kutaka. Mara ya tisa aliomba uzi mweusi. Uzi ukaja, na hakuna aliyejua wa nini, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Mnyooshaji hakucheka. Yale yale aliyaona kwa Babu. Babu alipatwa na kiharusi kidogo, cha kumvuta mdomo na kumlegeza mguu, na familia nzima ikamwangukia kwa upendo. Alilishwa, akavalishwa, akaletewa kila kitu pale pale kitini. Baada ya mwaka mmoja hakuweza tena kuinuka, kiti kikawa kitanda, na kitanda hakikumwachia. Mnyooshaji alikuwa darasa la sita wakati huo na kazi yake ilikuwa kuleta ndala. Babu akishusha tu mguu, ndala ziko chini yake. Alisifiwa sana kwa hilo. Siku mwalimu wa chuo aliposimama mbele ya darasa na kusema, "Kazi yenu ngumu kuliko zote itakuwa kutia mikono mfukoni," aliomba ruhusa akaenda chooni akalia mpaka kipindi kikaisha.

Kwanza alijaribu njia ya kawaida. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Bibi, tusimame mara tano tu. Mimi nahesabu."

Bibi alimtazama kutoka utosini mpaka kisigino. "Wewe niliyekuogesha kwenye beseni, leo ndiye wa kunihesabia moja, mbili, tatu?" Akafumba macho, akaanza kukoroma kwa makusudi.

Jioni hiyo Mnyooshaji akaitisha kikao jikoni, mlango umefungwa. Walikuja Shangazi na Baba Mdogo, kitindamimba wa Bibi, fundi viatu mwenye kibanda chake nje ya geti. Akawasomea karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene.

Kuanzia kesho, Bibi akiomba kitu kilichomo ndani ya nyumba, hakuna aliyesikia. Redio inahamia juu ya kabati, upande wa pili wa sebule, na inafunguliwa stesheni asiyoipenda. Umbea wowote mzuri unasimuliwa jikoni, kwa sauti ya kusikika mwanzo wake tu. Hakuna kumpisha wala kumwinua. Mtu mmoja lazima awe karibu naye wakati wote, tayari kumdaka, ila ajifanye anatafuta sindano iliyoanguka. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: MIKONO MFUKONI.

Shangazi alishika kifua. "Nimnyime mama yangu maji?"

"Humnyimi, Shangazi. Mtungi uko hatua sita kutoka kitini. Nimepima."

"Watu watasema nini?"

"Watasema hatuna adabu."

"Mimi nakubali," akasema Baba Mdogo haraka sana, mpaka wote wawili wakageuka kumtazama. Karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo Bibi hakuwa amekanyaga tangu aanguke.

Ikaonekana wazi kwamba Baba Mdogo alikuwa na kipaji kilichozuiwa miaka arobaini. Asubuhi ya kwanza alipita sebuleni bila shikamoo, akiimba. Ya pili alichukua gazeti mikononi mwa Bibi akaenda kulisomea barazani. Ya tatu aliketi mbele yake, akapandisha miguu mezani, viatu na vumbi lake, akachokonoa meno.

Bibi alipandwa na hasira mpaka mtandio ukamdondoka. Akashika mkongojo, akaweka mkono wa pili kwenye kiti, akasimama wima ili amchape vizuri. Baba Mdogo, kwa ujasiri ambao hajawahi kuuonyesha popote pengine, alirudi nyuma polepole, hatua moja kila mara, akibaki mbele kidogo tu ya mkongojo. Nyuma ya Bibi, Mnyooshaji alikuwa ameinama anatafuta sindano na kuhesabu. Hatua nne. Kesho yake saba, kwa ajili ya redio, iliyokuwa ikisoma hotuba ya kilimo. Wiki ya pili ilipofika Bibi alikuwa anakwenda mpaka mlango wa jikoni kutega sikio, na kila akifika umbea unahamia uani.

Aliyekuwa anaumia ni Shangazi. Yeye hakuwa na kipaji. Akinyimwa Bibi maji, koo linamkauka yeye. Siku moja Mnyooshaji alimfumania akipenya sebuleni na glasi chini ya mtandio. Akamvuta uani.

"Shangazi, tulikubaliana."

"Sikiliza, mtoto. Mama akifa kesho, wewe utarudi kwenye vyuma vyako. Mimi nitabaki na lipi? Kwamba aliniomba maji nikamgeuzia mgongo?"

"Hafi kwa maji ya hatua sita. Babu ndiye aliye..." Mnyooshaji alijing'ata, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Shangazi aliiweka glasi juu ya ukuta taratibu. "Baba nilimlisha kwa mkono huu mpaka siku ya mwisho. Unaniambia nilimuua?"

"Hapana. Nakwambia tulimpenda sote mpaka miguu yake ikasahau kazi. Na mimi ndiye niliyekuwa naleta ndala, Shangazi. Hilo naliota mpaka leo. Sitaki kumpoteza na Bibi kwa namna ile ile. Naogopa. Cheti ninacho, lakini naogopa."

Walisimama hapo wakifuta pua. Hatimaye Shangazi aliinywa ile glasi yeye mwenyewe, yote, bila kupumzika, akaingia ndani. Dakika moja baadaye sauti yake ikasikika mpaka uani: "Maji? Kwani mimi bomba?" Kisha akarudi mbio kulia begani kwa Mnyooshaji.

Mtaa haukukaa kimya. Ilisemekana chuoni Mnyooshaji alifundishwa kutesa wazee. Wanawake wawili waliokuwa wakitibiwa miguu iliyovimba waliacha kuja kituoni, na mkuu wa kituo, mtu mpole anayependa mafaili yake yalale sawasawa, alimwita ofisini akamuuliza kama nyumbani ni kwema. Mnyooshaji akasema ni kwema. Mkuu akasema afadhali, maana akipata lalamiko rasmi itambidi aliandike.

Wiki ya nne, Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ya Mnyooshaji ikaita.

"Mama ametoka," Shangazi alinong'ona, anahema. "Nilikuwa naanika nguo. Nimemwona anatoka jikoni. Amepita getini, sasa anakuja huko kwako. Karatasi anayo."

"Karatasi gani?"

"Ile!"

Mnyooshaji akaliendea dirisha. Kituo kilikuwa mwisho wa mtaa ule ule, baada ya shule na duka la vyuma. Na kweli, katikati ya barabara, mtandio umefungwa kiunoni kama anayekwenda ugomvini, Bibi alikuwa anakuja. Mkono mmoja mkongojo, mkono mwingine karatasi. Hatua kumi nyuma yake Shangazi alikuwa ameinama mpaka chini, anatafuta sindano barabarani, na waendesha baiskeli wanamkwepa.

Bibi alipumzika kwenye ukuta wa shule. Mnyooshaji alishika kingo za dirisha. Akienda kumsaidia ameharibu kila kitu, asipokwenda na Bibi akaanguka, hatajisamehe maishani. Alitia mikono mfukoni mwa koti lake jeupe na kukunja ngumi humo ndani. Bibi akaanza tena kutembea.

Alipoingia varandani, wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi waliinuka kwa pamoja.

"Kaeni!" Mnyooshaji alifoka. "Asimshike mtu!"

Wakakaa, midomo wazi. Bibi alimpita mjukuu wake kama anapita nguzo, akausukuma mlango wa mkuu wa kituo kwa ncha ya mkongojo.

"Nimekuja kushtaki," alisema.

Mkuu alisimama kumpa kiti, akamtazama Mnyooshaji mlangoni, akakaa tena, jasho linamtoka. "Unamshtaki nani, Mama?"

"Huyo hapo. Amewaharibu watoto wangu. Ushahidi huu hapa, na mwandiko ni wake." Karatasi ikatua juu ya mafaili. "Mwezi mzima nakosewa adabu nyumbani kwangu. Naomba maji, najibiwa kwani mimi bomba. Nasikilizishwa habari za mbolea! Yule wangu wa mwisho ndiyo hata sitaki kumsema. Andika yote."

Mkuu aliisoma karatasi mpaka mwisho. Aliirudia. Kisha akachukua kalamu, kwa sababu alishasema ataandika. "Sawa. Naandika. Mlalamikaji amefika kituoni mwenyewe... Mama, nani amekuleta?"

"Anilete nani? Nyumba nzima haina hata mmoja mwenye adabu! Nimekuja kwa miguu yang..."

Sentensi ilimkatikia mdomoni. Aliitazama miguu yake, mmoja, kisha wa pili, ndala zimejaa vumbi la barabara. Nje ya mlango benchi zima lilikuwa limeacha kukohoa.

"Ni hatua ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mia nne na kumi na mbili, Bibi. Nilizipima siku niliyorudi."

Bibi aliegemea mkongojo kwa mikono miwili. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, haikuwa tena ya mashtaka. "Na babu yako je? Kumbe na yeye angetukanwa kidogo?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naleta ndala, Bibi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nakutuma."

Machozi yalimtoka Mnyooshaji pale pale mbele ya mkuu wake wa kazi, na hakuyafuta. Bibi alinyoosha mkono akalichukua shtaka lake juu ya mafaili, akalikunja mara nne na kulitia kifuani. "Usiandike," alimwambia mkuu. Kisha akageukia benchi la wagonjwa. "Na ninyi fanyeni anachowaambia. Hana huruma hata kidogo huyu."

Akatoka. Kwenye ngazi tatu za varanda alisita, mguu ukatetemeka, na mkono wa Mnyooshaji ukaruka wenyewe kwenda kumshika.

"Karatasi inasema nini?" Bibi aliuliza.

Mnyooshaji akaurudisha mkono mfukoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Bibi akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akafika chini amesimama.

Kwenye geti la kituo Shangazi alikuwa bado ameinama, uso umelowa, anapekua mchanga kwa vidole.

"Umeipata hiyo sindano?" Bibi alimuuliza.

"Bado, Mama."

"Basi endelea kuitafuta. Tunakwenda nyumbani."