Stuli ya Kaunta Namba Mbili

"Hiyo miguu ni ya kurithi," meneja alisema bila hata kuinua macho. "Mama yako si alikuwa nayo hivyohivyo?"

Alikuwa nayo, ndiyo. Mama alisimama kwenye kaunta namba mbili ya duka hilihili miaka kumi na tisa, na miguu yake ikajaa vimishipa vya zambarau kuanzia kifundoni hadi juu ya goti. Alipostaafu nikapewa kaunta yake. Sasa nina miaka thelathini na moja na miguu ni ileile.

Nilikuwa nimetoka kliniki asubuhi hiyo. Daktari aliniambia ndani ya mishipa kuna vilango vinavyozuia damu inayopanda isirudi chini. Ukisimama palepale kutwa nzima, damu hutuama na mishipa midogo hutanuka.

"Kurithi kupo, mdogo wangu, na uzazi unachangia," alisema. "Lakini kusimama kunakoleza. Ipo sindano ya kufunga hivyo vimishipa vikanyauka, ipo na leza. Ila nikikuchoma leo ukarudi kusimama, vitatokea vingine. Vaa soksi za kubana, tembeatembea, na ukae."

Akaniandikia cheti: apewe kiti. Soksi nikazinunua njiani nikazivaa.

Kiti kipo. Stuli ya kaunta namba mbili iko ofisini kwa meneja, na meneja huiwekea miguu. Keshia akikaa, anasema, wateja wataona uvivu.

"Cheti hiki hapa, bosi."

"Weka hapo. Na hizo soksi vua, si sare."

Damu ilinichemka. Nilimkumbuka mama nyumbani, miguu juu ya mito, akiniambia mvumilivu hula mbivu. Amevumilia miaka kumi na tisa, mbivu wamekula wengine. Nilimkasirikia meneja, na nikamkasirikia mama pia kwa kunifundisha kunyamaza.

"Toa miguu, bosi."

"Umesemaje?"

Niliivuta stuli, visigino vya meneja vikagonga sakafu, pu! Nikaikumbatia nikapita nayo katikati ya rafu za sabuni, yeye nyuma yangu anafoka kwamba kazi sina, kesho nisije.

Nikaiweka kwenye kaunta, nikakaa. Kitu kikapasuka chini yangu. Ilikuwa nailoni iliyofunika stuli tangu itoke kiwandani, imechakaa pale tu palipozoea visigino vya meneja. Miaka yote hiyo haikuwahi kukaliwa na mtu.

"Anayefuata," nikasema.