Mazabodi ya Sanduku la Bati

Umewahi kuishi na mtu anayejua kila kitu isipokuwa kusema "nataka"? Mimi ninaye nyumbani. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana miaka ishirini na mmoja, na sote tunamwita Chiriku. Jina alipewa kwa utani, maana chiriku ni ndege wa kelele, na huyu wetu ukimuuliza chai au maji anajibu, "Chochote tu, Bibi." Ukimuuliza gauni jekundu au la kijani, "Lolote." Nimeshona nguo za watu miaka arobaini na miwili. Nimepima wanene wanaojiita wembamba na wembamba wanaotaka waonekane wanene, na wote hao niliwaweza. Mteja wa "lolote" ndiye anayenitoa jasho, kwa sababu huyo huwa ana lake moyoni, na siku ya kuchukua nguo ndipo utaliona usoni.

Sasa Chiriku alikuwa anajitengenezea kompyuta ya kuchezea michezo. Si ya kununua ikiwa tayari, hapana. Alikuwa anaikusanya kipande kwa kipande, mwaka wa pili huo, na kila kipande alikifunga kwenye mabaki ya vitambaa vyangu na kukipanga chini ya kitanda. Alikuwa na feni tatu. Alikuwa na kadi ya picha, nzito kama tofali. Alikuwa na prosesa, yaani kile kidude kinachopiga hesabu zote, kidogo kama kipande cha biskuti, na tumboni kimejaa nukta za rangi ya dhahabu. Alinionyesha mara moja tu, akaniambia nisipumue karibu nacho.

Kasha la kuwekea vyote hivyo lilikuwa sanduku langu la bati, lile nililokuwa naweka vitambaa vya wateja. Nilimpa mwenyewe. Akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, likakatwa madirisha ya feni, likawekewa boksi la umeme upande wa juu, na kwenye ubavu wa ndani likatobolewa matundu manane, yakafungwa skrubu nane za kushikilia mazabodi. Kilichobaki kilikuwa hiyo mazabodi yenyewe.

Nilimuuliza mazabodi ni nini. Akanieleza kwa lugha yangu. "Bibi, ni ule ubao mpana ambao vitu vyote vinakaa juu yake na kuongea kupitia kwake. Hilo ndilo gauni. Hivi vingine ni mikono, kola na vifungo."

Nikaelewa papo hapo. Ukikosea gauni, kola nzuri utaitia wapi?

Mwanangu wa kiume, yaani mjomba wake Chiriku, alikuwa amemwahidi mazabodi kama zawadi ya kumaliza chuo. Huyu ni dereva wa lori, na siku hiyo mchana alikuwa anaondoka kwa safari ya wiki tatu, kwa hiyo ilikuwa asubuhi hiyo au basi tena. Tukaenda dukani watatu. Nilikuwa nimekunja karatasi ya kaki kwenye mkoba.

"Mama, karatasi hiyo ya nini?" mwanangu aliniuliza. "Tunaenda kununua kitu cha kompyuta, si suruali."

"Suruali zako zote nilizikata kwa karatasi kama hii. Ipo iliyokuvuka njiani?"

"Haipo, Mama."

"Basi tembea."

Karatasi hiyo ilikuwa mchoro wa matundu manane ya sanduku. Sikutaka tubebe sanduku zima. Kwa ndani mkono wangu hauingii vizuri siku hizi, vidole vimekakamaa, kwa hiyo nililigeuza, nikabandika karatasi kwa nje, pale ncha za skrubu zilipochomoza, nikapaka chaki mpaka kila ncha ikajichora. Kisha nikatoboa kwa bisibisi. Kazi safi. Sijawahi kukata mchoro ukakataa, na jambo hilo nilimkumbusha Chiriku mara mbili njiani.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba chenye meza ya kioo. Fundi wake alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na mkononi amevaa kamba yenye waya uliofungwa kwenye mguu wa meza. Nikamuuliza kama wanamfunga ili asitoroke.

"Hapana, Bibi," alicheka. "Mwili una umeme. Ukiruka kwenye ubao, umeua."

"Kumbe mtu ana umeme?"

"Anao, hasa akivaa sweta."

Nikavua sweta langu, nikalishika kwa mbali.

"Haya, mwenye kompyuta ni nani?" fundi aliuliza.

"Ni huyu," mwanangu alisema, akamsukuma Chiriku mbele kidogo, "ila mimi ndiye mdomo wake."

Lakini fundi alimgeukia Chiriku, akaanza kumuuliza mwenyewe. Prosesa ya toleo gani? Ramu ngapi za kumbukumbu? Kadi ya picha ina urefu gani? Na hapo nilimwona mjukuu wangu kwa mara ya kwanza akijibu bila kutazama chini. Alijibu kama mtoto aliyekariri jedwali la kuzidisha.

"Kadi ina sentimita ishirini na nane na nusu. Nimeiachia nafasi ya vidole viwili mbele, kwa ajili ya waya."

"Na hewa?"

"Inaingia chini, inatokea nyuma. Feni mbili zinavuta, moja inatoa."

Fundi alivaa miwani ili amtazame vizuri. "Nani alikufundisha?"

"Nilisoma tu," Chiriku alisema.

Wallahi nilijisikia mrefu. Kisha fundi akamuuliza, "Sasa wewe unataka mazabodi ipi?"

Na Chiriku akasema, "Yoyote utakayoona inafaa."

Niliuma ulimi. Najua jinsi anavyotazama kitu anachokitaka. Anakitazama mara moja, haraka, halafu anakiacha kabisa, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Na macho yake yalikuwa yameshagusa kasha moja jeusi kwenye rafu ya tatu.

Fundi alileta mbili. Zote, alisema, zinaikubali prosesa yake. Akatuonya kwamba mfuko wa ndani ukishafunguliwa na ukaondoka nao, mazabodi hairudishwi, na kwa hiyo kwenye meza ya maonyesho alituwekea zile zake za mfano. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeupe, na alipoiunganisha na umeme iliwaka taa pembeni kote, zambarau ikawa bluu, bluu ikawa kijani.

"Hii!" mwanangu alipiga kofi moja. "Mungu wangu, hii!"

Hamjaliona lori lake. Lina taa hata mahali pasipo na haja ya taa. Usiku ukikutana nalo utadhani ni harusi inakuja.

Ya pili ilikuwa nyeusi, ndogo zaidi, haina taa hata moja. Fundi aliishika kwa kingo tu, kwa ncha za vidole, akaiinamisha ili niione. Nilitoa miwani yangu. Jamani. Nimedarizi mashuka ya maharusi, nimeshona shanga kwenye shingo za magauni, lakini sijaona kazi kama ile. Mistari ya shaba myembamba kuliko uzi, kumi na tano kwa pamoja, ikifika kona inapinda yote kwa mara moja na hakuna unaompanda mwenzake. Kuzunguka mahali pa prosesa kulikuwa na vyuma vizito vilivyochongwa kama meno ya kitana. Fundi alisema hivyo ndivyo vinavyopoza pale umeme unapoingia, na kwamba mtu anaweza kucheza kutwa nzima na ubao usitetereke.

Mahali pamoja niliona mistari imejikunjakunja kama nyoka. "Hapa wamekosea," nilisema. "Uzi umelegea."

Chiriku aliinama karibu nami. "Hawajakosea, Bibi. Mstari huu una njia fupi kuliko wenzake. Wameukunja ili yote iwe na urefu mmoja, habari zifike kwa pamoja. Ni kama wewe unavyokusanya bega la mkono mpana mpaka lilingane na tundu la kwapa."

Nikamtazama. Nikautazama ubao. Nani alikaa chini akayafikiria haya?

"Mama, umezama," mwanangu alisema. "Hiyo nyeusi ni kama mlango wa jiko. Chiriku, mjomba wako anakupa inayowaka. Au unasemaje?"

"Sawa tu, Mjomba."

"Ile kubwa haitaingia mahali padogo," fundi alisema. "Matundu yako mangapi?"

Ndipo nikafungua mkoba kwa madaha yote na kuitandaza karatasi yangu juu ya ile kubwa. Ilipungukiwa kwa kiganja kizima, na boksi la umeme lingeikalia kichwani. Basi, nikaihamishia kwenye nyeusi, huku nikijua moyoni kwamba imepata mwenyewe.

Ikakataa.

Matundu matano yalikubali, matatu yakagoma. Niliizungusha karatasi kulia. Nikaizungusha kushoto, juu chini, chini juu. Yakikubali haya, yanagoma yale.

"Ajabu," fundi alisema. "Saizi hii haikatai hivi hivi. Labda aliyetoboa alitoboa kombo."

"Ndiye yule fundi wa kuchomelea," mwanangu alidakia. "Nilisema mimi, yule mkono wake unatetemeka. Anachomelea mlango, paka anapita chini yake."

"Lazima ni yeye," nilisema, "maana karatasi yangu haina neno."

Chiriku alikuwa ameitazama karatasi, halafu akanitazama mimi, halafu akatazama sakafu. Nilidhani anausikitikia ubao. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua pembe ya karatasi, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Basi tumemaliza," mwanangu alisema. "Kama zote haziingii, tunachukua yenye taa. Sanduku litatobolewa upya na boksi la umeme lisogezwe. Kuna cha kulia hapo? Fundi, tufungie, lori linanisubiri."

Fundi alishusha kasha jeupe kutoka kwenye rafu. Akafuta vumbi. Akafungua mfuko wa plastiki kwa vidole viwili na kuanza kuliingiza.

"Subiri," Chiriku alisema.

Sauti ilitoka ndogo, nusura tusiisikie. Fundi alisimama, kasha nusu ndani nusu nje.

Mjukuu wangu aliichukua karatasi yangu ya kaki, akaigeuza kifudifudi, upande wa chaki chini, akailaza juu ya ubao mweusi taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Kisha akachukua skrubu kwenye kisahani cha fundi, akazisimamisha moja moja. Zilipita zote nane.

Mimi nilihisi masikio yanawaka. Mchoro uliochorwa kwa mgongo huandikwa "mgongo", na hilo namfundisha kila anayekuja kujifunza cherehani kwangu, siku ya kwanza kabisa.

"Bibi, samahani," alisema. Hakutazama chini. "Ulichora kwa nje, kulia kumekuwa kushoto. Niliona tangu ulipoitandaza, nikashindwa kukuambia mbele za watu. Fundi wa kuchomelea hakukosea."

"Kwa hiyo ulitaka tubebe hili kubwa, ili mimi nisiaibike?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa kukubali.

"Mke mwenzangu," nilimwambia, "aibu yangu nitaibeba mwenyewe, ina uzito gani? Mwambie mjomba wako."

Mwanangu alikuwa amekwisha kuvua kofia, anajipepea nayo pasipo na joto. "Niambie nini? Chiriku, kuna kitu?"

Alivuta pumzi. Kisha akamgeukia.

"Mjomba, asante, na taa ni nzuri. Ila siitaki. Nataka hii nyeusi. Niliiona mwaka juzi kabla sijanunua hata skrubu moja, na prosesa na kadi na ramu, vyote nilivinunua kwa ajili yake. Hii ndiyo ninayoitaka."